Friji na Gauni: Mume na Mke Wanapotenganishwa





Ukisimama upande wa Likoni saa za jioni, feri inapofungua mlango wake, utaona umati wa watu wanaorudi kwa wenzao. Huyu kabeba mkate, yule kabeba samaki ndani ya karatasi. Walitoka alfajiri, sasa wanarudi, na ugomvi wao ni ule wa kawaida: mbona umechelewa, mbona hukupiga simu. Lakini katika nyumba nyingi za Likoni, Kisauni na Changamwe yuko mtu ambaye hatarudi jioni. Yuko Riyadh au Doha kwa mkataba wa miaka miwili. Yuko melini. Yuko na lori lake kwenye foleni ya Malaba. Au yuko bara akitunza shamba na wazazi, huku mwenzake akifanya kazi bandarini na kulala peke yake katika chumba cha kupanga pale Magongo.

Safari hii ningependa tuzungumze juu ya ndoa za namna hiyo. Badala ya kuanza na mashauri, nitakusimulia sinema mbili. Ya kwanza nitaipitia upesi, ya pili tutakaa nayo. Zote mbili zilipata tuzo kubwa, na zote mbili zinahusu watu wawili ambao vita viliwaingilia katikati.

Ya kwanza ni ya Kifaransa. Jina lake ni Les Parapluies de Cherbourg, yaani miavuli ya Cherbourg. Aliyeitengeneza ni Jacques Demy, nayo ilipata tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka 1964. Cherbourg ni mji wa bandari kama wetu. Jambo la ajabu ni kwamba hakuna anayesema neno la kawaida katika sinema nzima. Kila kitu huimbwa, hata mteja anapouliza kama gari lake limekwisha kutengenezwa. Dakika kumi za kwanza utacheka. Baadaye hutacheka.

Guy ni fundi wa magari. Geneviève anamsaidia mama yake katika duka la miavuli. Wanapendana. Mwaka 1957 kijana anaitwa jeshini kwenda vita vya Aljeria, miaka miwili. Akishaondoka, msichana anatambua kuwa ana mimba. Barua za Guy zinakuja chache, tena kwa kuchelewa. Mama mtu ana madeni, na mfanyabiashara wa vito ameanza kupita dukani, mtu mwenye adabu, ambaye yuko tayari kumlea mtoto kama wake. Hakuna mtu mbaya hapa, na hilo ndilo linaloumiza. Kuna mahali Geneviève anakiri kwamba akijaribu kumkumbuka Guy, anachokiona si Guy mwenyewe bali ni picha yake. Basi, anaolewa na yule tajiri. Guy anarudi mwaka 1959, anachechemea, anakuta duka limeuzwa. Anatangatanga na pombe kwa muda, kisha anamwoa Madeleine, msichana mtulivu aliyekuwa akimuuguza shangazi yake. Miaka inapita. Usiku mmoja wa theluji, Desemba 1963, gari zuri linasimama kwenye kituo cha petroli cha Guy. Ni Geneviève, na ndani ya gari yumo binti yao. Anamwuliza kama angependa kumwona. Guy anakataa. Gari linaondoka.

Wawili hawa hawakuwa wameoana, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mmoja alivunja ndoa. Lakini tazama neno lile la picha. Mwenzako akiwa mbali muda mrefu, anaanza kuwa picha ukutani. Siku hizi anakuwa picha kwenye simu, tena picha nzuri iliyochaguliwa, amevaa shati safi mbele ya jengo refu la Doha. Picha haikohoi usiku. Haina harufu ya jasho. Haisemi kwamba bosi ameshika mshahara wa miezi miwili. Ukiishi na picha kwa miaka, siku mtu mwenyewe akishuka uwanja wa ndege Moi utamwona kama mgeni aliyekuja kuharibu picha yako.

Usidhani mambo ya vita na wachumba wanaongoja ni ya Wazungu. Mwezi wa Februari mwaka 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iling'oa nanga hapa Kilindini kwenda Colombo, ikiwa imebeba mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na wanamaji. Tarehe 12 Februari nyambizi ya Wajapani iliipiga karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300. Katika vijiji vya Kenya, Uganda na Tanganyika walikuwapo wake ambao mume aliondoka tu, na hakuna kaburi la kuonyesha. Kanisa halilichukui jambo hili kwa wepesi. Kanuni ya 1707 ya sheria yake inasema kwamba kutokuwepo peke yake, hata kuwe kwa muda mrefu namna gani, hakutoshi kumtangaza mtu kuwa amekufa. Ni lazima askofu apate uhakika kutokana na ushahidi, ndipo aliyebaki awe huru kuoa au kuolewa tena. Nataja hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mume asiyepiga simu kwa miaka saba amejifuta mwenyewe. Sivyo. Mwone paroko.

Sasa tuje kwenye sinema ya pili, ambayo ni ya hapa kwetu. Inaitwa Nirgendwo in Afrika, jina ambalo ni kama kusema "popote pale Afrika, pasipo mahali". Ni ya Kijerumani, kazi ya mama mmoja aitwaye Caroline Link. Ilitoka mwaka 2001, ikapata tuzo tano za sinema za Ujerumani mwaka 2002, na mwaka 2003 ikapewa Oscar ya sinema bora ya lugha ya kigeni. Ilipigwa humu humu Kenya, na utasikia Kiswahili ndani yake kwa wingi. Imetoka katika kitabu cha Stefanie Zweig, aliyezaliwa mwaka 1932, akaletwa Kenya akiwa mtoto mwaka 1938 kwa sababu familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, akarudi Ujerumani mwaka 1947. Alifariki mwaka 2014. Kwa hiyo kisa hiki kina mizizi katika maisha ya watu wa kweli, ingawa sinema imebadilisha hili na lile.

Kabla sijaendelea, onyo dogo: mna sehemu za kitandani ambazo si za watoto. Itazameni ninyi wawili watoto wakishalala.

Walter Redlich ni mwanasheria. Hitler ameshika nchi, na Myahudi haruhusiwi tena kufanya kazi ya sheria. Anatangulia Kenya peke yake, anapata kazi ya kusimamia shamba la Mwingereza huko Rongai. Si ile Rongai ya matatu za Nairobi, ni ile ya upande wa Nakuru. Anaugua malaria, na anayemwokoa ni mpishi Mjaluo aitwaye Owuor. Akipona anampa Owuor joho lake la mahakamani, maana huku halina kazi tena. Sehemu ya Owuor inachezwa na Mkenya mwenzetu, marehemu Sidede Onyulo, na kwa maoni yangu ndiye anayeibeba sinema yote mgongoni.

Walter anamwandikia mkewe, Jettel, aje haraka na binti yao Regina. Anamwagiza alete friji, maana joto la huku linaharibu chakula. Jettel anafika mwaka 1938 na vyombo vya udongo vya thamani. Friji hana. Pesa za friji amenunulia gauni la kuvaa usiku kwenye dansi.

Wanaume mliocheka, subirini kidogo. Nimewahi kusimulia sehemu hii mbele ya wanandoa na wanaume wote wakapiga meza kwa kicheko. Kisha mama mmoja akauliza swali lililowanyamazisha: je, huyo mume alimweleza mkewe alikokuwa akiishi? Alimwambia kwamba nyumba ni ya mabati, maji ni ya kuchota mbali, na jirani wa karibu yuko maili kadhaa? Au aliandika orodha tu: njoo, leta friji? Jettel alinunua gauni kwa ajili ya maisha aliyoyajua. Maisha ya Rongai hakuyajua. Na sisi tunafanya hivyo hivyo. Mke yuko Saudia anatuma pesa za saruji, mume Kisauni ananunua pikipiki. Akirudi, vita. Lakini ukiwauliza pole pole, unakuta hawakuwahi kukaa hata saa moja kwenye simu wakasema kwa maneno yaliyo wazi pesa hizi ni za nini, na kwa nini. Walitumiana pesa na kutumiana sauti za "nimekumiss". Mume alikuwa na hoja yake: boda boda ingelipa karo. Mke alikuwa na hoja yake: amechoka kupanga. Zote mbili ni hoja nzuri. Hazikukutana.

Jettel anachukia kila kitu. Anataka kurudi nyumbani. Anamtendea Owuor kama kitu, na hataki kujifunza lugha yake, mpaka mumewe anamkumbusha kwa ukali kwamba anawadharau watu wa huku jinsi yeye mwenyewe alivyodharauliwa Ujerumani. Maneno ya kweli, lakini yamesemwa kwa hasira, na mke hasikii. Regina, mtoto, ndiye anayeipenda nchi mara moja. Kisha Novemba 1938 habari zinafika kwamba masinagogi ya Ujerumani yamechomwa, na polepole Jettel anaelewa kwamba hakuna tena nyumbani pa kurudi. Mama yake amebaki kule. Baba na dada wa Walter wamebaki kule. Baadaye inakuja barua fupi ya mama kwamba wanapelekwa Poland, na mwenye kuisoma anajua maana yake.

Vita vinapoanza mwaka 1939, Waingereza wanawakamata Wajerumani wote wa Kenya, hata Wayahudi waliomkimbia Hitler. Wanaume kambini. Wanawake na watoto wanapelekwa kwanza hoteli ya Norfolk, Nairobi, ambako wanalala kwenye shuka nyeupe, huku waume zao wakiwa nyuma ya waya. Walter amepoteza kazi yake Rongai, na bila kazi ya shamba hatatoka. Hapo Jettel anafanya jambo ambalo ni kiini cha sinema hii kwetu sisi wanandoa. Yupo mwanajeshi mmoja Mwingereza anayesema Kijerumani, ambaye anaweza kusaidia. Jettel analala naye. Familia inapata shamba jingine, huko Ol Joro Orok. Walter anakuja kujua.

Nyamaza kidogo hapa, msomaji, usikimbilie kuhukumu. Ni dhambi? Ndiyo, na sinema yenyewe haijaribu kuonyesha kwamba ni jambo dogo. Lakini tazama jinsi ilivyofungwa pamoja na upendo, woga, na hasira ya miezi mingi. Alifanya kwa ajili ya mumewe? Kwa sehemu. Alifanya pia kwa sababu kwa muda mrefu hakuna mtu aliyemtazama kama mwanamke? Pengine. Hata yeye mwenyewe hawezi kutenganisha. Na Walter, ambaye sasa yuko huru, anakula na kulala katika shamba ambalo mkewe alilipata kwa njia hiyo. Anakuwa baridi. Hampigi, hamfukuzi, ananyamaza. Ndoa ngapi hapa kwetu zimeishi miaka kumi katika ukimya wa namna hiyo?

Watu huniuliza, je, mwenzangu akizini Kanisa linanilazimisha nikae naye? Jibu linawashangaza wengi. Kanuni ya 1152 inamsihi sana aliyekosewa asamehe kwa ajili ya upendo na kwa faida ya familia. Lakini haimlazimishi. Inamtambulia haki ya kutengana, kifungo cha ndoa kikibaki. Ila, na hapa ndipo pa kusikiliza, ukishajua ukaendelea kuishi na mwenzako kwa hiari kama mume na mke, unahesabiwa umesamehe. Zikipita miezi sita katika hali hiyo bila wewe kupeleka shauri kwa wakubwa wa Kanisa au wa serikali, msamaha unadhaniwa umetolewa. Waliotunga sheria hii walijua mioyo ya watu. Walijua kwamba kuna mtu anayeendelea kulala kitanda kimoja na mwenzake na huku ameweka kosa chini ya mto, alitoe atakapolihitaji: siku ya ugomvi wa pesa, siku mama mkwe amekuja, siku mtoto ameanguka mtihani. Huo si msamaha, na si kutengana. Ni silaha.

Walter aliiweka silaha hiyo. Na kwa kuwa alinyamaza, jeraha halikufungwa. Baadaye yeye anajiunga na jeshi la Waingereza na kuondoka, Jettel anabaki kuendesha shamba na Owuor. Regina yuko shule ya bweni ya Kiingereza. Rafiki wa familia, Süßkind, mkulima wa tabia njema, anakuja kusaidia, naye anampenda Jettel. Mtazamaji anaona wazi kwamba wamekaribiana kupita kiasi. Tena si mtu mbaya. Ndiye mwenye subira, anayemsikiliza. Ukiwa na mwenzako mbali, jihadhari na mtu mwema kuliko mtu mwovu. Yule mlevi wa mtaani wa kukuita "mrembo" hatakushinda. Atakayekushinda ni yule jirani mstaarabu anayekusaidia kubeba mtungi wa gesi na kukaa kidogo kukuuliza habari za siku, swali ambalo mumeo hajakuuliza kwa mwezi mzima.

Lakini katika miaka hiyo ya upweke jambo jingine linatokea. Jettel anakuwa mkulima. Anajua wafanyakazi kwa majina, anajua mahindi, anasema Kiswahili. Yule aliyekuja na gauni sasa ana matope mpaka magotini, na anapenda hivyo. Vita vinakwisha. Habari zinafika kwamba baba na dada wa Walter waliuawa. Walter anaandika kuomba kazi Ujerumani, anapewa nafasi ya hakimu huko Frankfurt, na anakuja kumwambia mkewe: tunarudi. Naye Jettel anasema hapana.

Hapa ndipo sinema hii inapoingia Changamwe moja kwa moja. Mume alimvuta mke kuja nchi asiyoitaka, na alikuwa sahihi. Aliokoa maisha yao. Sasa mke amepanda mizizi, na mume yule yule anataka kumng'oa tena. Kwa haki gani? Walter anasema kwamba hapa yeye si mtu, ni mtumwa wa mashamba ya wengine, na kazi yake ya kweli ni sheria. Jettel anauliza atawezaje kuishi kati ya watu waliomwua mama yake. Nimeitazama sinema hii mara tatu na bado siwezi kusema nani mwenye haki.

Wangapi kati yenu mmefika hapo? Bwana amefanya kazi miaka thelathini reli au bandarini, sasa amestaafu. Kwake mambo ni rahisi: tunarudi nyumbani, Siaya, Machakos, Kakamega au Taita, kuna shamba, kuna nyumba niliyoijenga, kuna makaburi ya wazazi wangu. Kwa bibi mambo si hivyo. Alikuja Mombasa akiwa msichana wa miaka ishirini, akilia kwa joto na mbu. Mume alimwambia utazoea. Akazoea. Sasa ana kibanda chake cha mboga pale sokoni, ana chama, ana wanakwaya wenzake, ana wajukuu Mikindani. Huko "nyumbani" alikaa kwa jumla labda miezi kumi katika maisha yake yote, na mara nyingi ilikuwa kwa matanga. Mzee anaposema "nyumbani", mama anasikia "kwa mama yako". Nao wanaanza kuishi kama wajane wawili walio hai, mmoja bara, mmoja pwani, watoto wakitumwa katikati na mifuko ya mahindi. Wakati mwingine ni mpango mzuri waliokubaliana. Mara nyingi ni ugomvi uliovaa nguo za mpango. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mume na mke wasinyimane ila kwa kupatana, tena kwa muda. Hayo mawili, kupatana na muda, ndiyo ninayouliza wazee wanaponieleza mipango yao. Mlipatana? Mpaka lini? Wengi wanajibu la pili kwa kutazama chini.

Katika sinema, Walter anaondoka bila jibu. Ndipo nzige wanakuja. Mbingu inakuwa nyeusi, na watu wote wa shamba, wanaume, wanawake na watoto, wanakimbia mahindini wakipiga sufuria na madebe na kupunga vitambaa. Katikati ya zogo hilo Jettel anageuka na kumwona Walter yuko pale, anapiga debe kama wengine. Hajaja na hoja mpya. Hajaja kuomba radhi kwa maneno. Amekuja kwa sababu nzige walikuwa katika mahindi ya mkewe, na kwa mara ya kwanza anafanya kazi katika shamba la Jettel kama shamba la Jettel. Usiku ule wanarudiana. Anapata mimba. Mwishowe ni Jettel mwenyewe anayekubali kurudi Ujerumani. Naamini hangekubali kamwe kama Walter asingekuja kupiga debe kwanza.

Nina malalamiko moja juu ya sinema hii, na nitalisema. Owuor naye ana watu wake. Anaacha kwao, anawafuata Wajerumani kutoka Rongai mpaka Ol Joro Orok kwa miguu, anapika, analea mtoto, na mwisho, wanapojiandaa kuondoka, yeye anachukua njia yake kabla yao. Ni sehemu ya huzuni sana. Lakini sinema haitupeleki nyumbani kwake. Ndoa ya Mzungu tunaijua mpaka chumbani. Ya Owuor tunaachiwa tuikisie. Na kwetu sisi, ndoa ya Owuor ndiyo yetu. Mlinzi wa usiku wa Nyali ambaye mkewe yuko Kitui. Mama wa Likoni anayelea watoto wa watu Jeddah, huku wake wakilelewa na bibi yao Mtongwe. Wanaotunza nyumba za wengine ili yao isianguke. Angetokea mtengeneza sinema wa Kenya akatuonyesha mke wa Owuor siku ile anapomwona mumewe anaingia boma baada ya miaka tisa, ningelipa kiingilio mara mbili.

Basi, kazi ya mwezi huu ni hii. Kama mwenzako yuko karibu, itazameni sinema hiyo pamoja, kisha kila mmoja ajibu akiwa amezima simu: ni kitu gani nilichokuagiza, friji yangu, bila kukueleza sababu? Ni gauni gani nililonunua kwa ajili ya maisha ambayo hatunayo? Na kama kuna kosa ambalo mmoja amelificha chini ya mto, semeni jioni hiyo, au wekeni siku ya kwenda pamoja kwa padre au kwa wanandoa wazee wa Jumuiya yenu ambao mnawaamini. Kama mwenzako yuko mbali, usimtumie picha wiki hii. Mpigie, umweleze siku moja nzima ya maisha yako jinsi ilivyokuwa tangu kuamka, pamoja na yale ya kuchosha: maji yalikatika, mtoto alikataa uji, feri ilikwama, nililia kidogo. Kisha umwombe naye akueleze yake. Usimkatize hata akikawia, na usimwulize habari za pesa mpaka amalize.

Ninyi mnaokaribia kustaafu, kabla ya kununua mabati ya nyumba ya bara, mzee afanye kama Walter. Akae wiki moja kwenye kibanda cha mama pale sokoni, achambue sukuma, apokee pesa za wateja, awajue kwa majina. Mama naye aende bara wiki moja wakati ambao hakuna matanga. Baada ya hapo ndipo mzungumze. Mkishindwa kuafikiana, niandikieni. Nitajibu katika ukurasa huu bila kutaja majina.

Katika dakika za mwisho za sinema familia iko ndani ya gari moshi. Linasimama katikati ya mbuga. Mwanamke Mwafrika anakuja dirishani kuuza ndizi. Jettel anamwambia kwa Kiswahili kwamba hana pesa, ni maskini kama nyani. Yule mama anacheka, na anampa ndizi.